Mtihani wa wauguzi si wa cheti, ni wa mgonjwa

Kila unapokaribia mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi la Kenya, baraza ya nyumba yangu huku Kisauni hujaa vijana. Wanatoka vyuo mbalimbali vya Pwani, kila mmoja na bunda lake la maswali ya miaka iliyopita, yaliyonakiliwa hadi maandishi yamefifia. Tunaketi mkekani, tunakunywa chai ya tangawizi, tunasoma. Na kila mara swali la kwanza huwa ni lile lile: "Sista, hii huja?"

Hawaulizi ina maana gani, wala kwa nini iko hivyo. Wanauliza kama itakuja kwenye karatasi.

Siwalaumu. Nyuma ya kila kijana pale mkekani kuna mzazi aliyeuza mbuzi, minazi au kipande cha shamba ili alipe karo. Akianguka, nyumba nzima imeanguka naye. Lakini nimeuguza wagonjwa miaka 31 katika hospitali za umma za Pwani kabla ya kustaafu, na ninajua jambo ambalo wao bado hawajaliona. Swali analolikariri leo bila kulielewa litamrudia saa tisa usiku, akiwa peke yake wodini, na siku hiyo halitakuja na majibu manne ya kuchagua.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya elimu ya uuguzi kama jambo la umma, si jambo la wanafunzi pekee. Anayelala kile kitanda ni mimi, ni wewe, ni mama yako.

Vyuo vimeongezeka, walimu wa wodini je?

Tuanze na hali ilivyo. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kilianza mwaka 1927. Leo kina kampasi zaidi ya 70 nchini, na hapa kwetu zipo Mombasa, Msambweni, Kilifi, Voi na Lamu. Chuo Kikuu cha Pwani nacho kinafundisha shahada ya uuguzi. Ni jambo jema. Zamani msichana wa Lamu aliyetaka kuwa muuguzi ilimbidi aage kwao na kwenda mbali.

Ila jengo la chuo huzinduliwa kwa siku moja na utepe hukatwa, ilhali mwalimu wa kumshika mwanafunzi mkono wodini hapatikani kwa kukata utepe. Muuguzi mmoja wa zamu akiwa na wagonjwa 30 au 40, wanafunzi kumi walioletwa wodini watajifunza kwa nani? Watatandika vitanda, watabeba sampuli kwenda maabara, kisha jioni watarudi kwenye bunda la maswali.

Huduma za afya zilipopelekwa kwa kaunti mwaka 2013, tulitarajia mambo haya yashughulikiwe karibu na nyumbani. Badala yake tumeshuhudia mivutano. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kwa takriban miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba. Waliokuwa masomoni wakati huo walikosa wodi za kujifunzia, na wengi wao sasa ndio wanaotuuguza.

Halafu kuna soko la nje. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko. Miezi michache baadaye ikaelezwa hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 pekee ndio waliopita. Nchi nzima ikabishana kuhusu Kiingereza. Mimi nilijiuliza jambo jingine: je, tumewazoesha vijana wetu mtihani wa aina gani? Marekani nako, tangu Aprili 2023, mtihani wa leseni ya uuguzi uitwao NCLEX umebadilishwa ili upime zaidi uamuzi wa muuguzi mbele ya mgonjwa. Mtahiniwa hupewa kisa, dalili na majibu ya maabara, kisha aamue. Aliyekariri bunda la maswali atakwama kwenye ukurasa wa kwanza.

Usiku nilioponea

Kabla sijawanyooshea vijana kidole, acha nijinyooshee mwenyewe.

Msomaji wa Pwani anajua majina yetu. Kwa Wamijikenda, mtoto huitwa jina la babu, kisha hufuatwa na la baba. Kwa hiyo Karisa humzaa Charo, na Charo humzaa Karisa. Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa na wanaume wawili vitanda vinavyopakana. Mmoja alikuwa Karisa Charo, mwingine Charo Karisa. (Majina nimeyabadilisha, mpangilio ndio huo.) Mmoja alikuwa aongezwe damu ya kundi B. Mwingine alikuwa kundi O.

Nilikuwa peke yangu na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Nikauendea mfuko wa damu, nikasimama kitandani, nikauliza: "Wewe ndiwe Karisa Charo?" Mzee akaitika kwa usingizi: "Naam." Nikaanza kutundika.

Yule binti akasema polepole, kwa woga: "Sista, mbona namba ya faili si hii?"

Mikono yangu ilikufa ganzi. Damu ya kundi B ikiingia kwa mtu wa kundi O, mwili wake huishambulia. Seli hupasuka, figo hufeli, na mtu anaweza kufa baada ya kuingiwa na kiasi kidogo tu. Mimi nilikuwa na leseni na uzoefu wa miaka. Yeye alikuwa na kitabu chake na ujasiri wa kuuliza. Usiku ule yeye ndiye aliyekuwa muuguzi.

Na nikiri la pili: sikuandika popote. Niliogopa barua ya kujieleza. Kesho yake wodi ikaendelea kama kawaida, na njia ile ile ya kosa ikabaki wazi kwa mwingine.

Msidhani ni mambo ya zamani. Mapema mwaka 2018 taifa lilishtuka iliposikika kwamba katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mgonjwa amepasuliwa fuvu kimakosa. Wagonjwa wawili walikuwa wamechanganywa. Mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Madaktari waliitafuta ile damu, hawakuikuta. Chanzo kilikuwa utambulisho wa mgonjwa, somo la wiki ya kwanza chuoni.

Ndiyo maana nawaambia vijana: usimuulize mgonjwa "Wewe ndiwe fulani?" Mgonjwa mwenye homa, usingizi au heshima ataitikia lolote. Muulize: "Jina lako kamili nani? Ulizaliwa lini?" Kisha linganisha na namba ya faili. Kama ni damu, wasome watu wawili, kila mmoja kwa macho yake. Zile haki tano za dawa, yaani mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, si wimbo wa kuimba mbele ya mtahini. Ni milango mitano ya kumzuia mauti asipite.

Nukta moja

Jambo la pili ni hesabu. Wengi wa vijana wangu wanaogopa hesabu kuliko maiti. Wanakariri kanuni bila kujua inasema nini.

Chukua mtoto mchanga wa kilo 3 anayepewa dawa ya gentamicin, miligramu 5 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 15. Ampuli ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani miligramu 40 kwa kila mililita. Gawanya 15 kwa 40, utapata mililita 0.375. Sasa sogeza nukta hatua moja tu: 3.75. Umempa kitoto kile dozi mara kumi, ya dawa inayojulikana kwa kudhuru figo na masikio.

Aliyekariri hatashtuka. Aliyeelewa atashtuka kabla hata ya kukokotoa upya, kwa sababu mililita 3.75 ni karibu ampuli mbili nzima, kwa mtoto wa kilo 3. Ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa ajili ya mtoto mchanga, simama. Muite mwenzako, kila mtu akokotoe peke yake, kisha mlinganishe.

Vivyo hivyo maji ya mshipa. Lita moja kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Mwanafunzi ananipa jibu hilo haraka. Namuuliza: "Umeyahesabu matone wodini lini mara ya mwisho?" Kimya.

Anayelia ana pumzi

La tatu ni kutanguliza. Hapa ndipo mtihani na wodi vinapokutana uso kwa uso.

Huwapa swali hili. Unaingia zamu ya usiku. Mmoja analia kwa maumivu baada ya kupasuliwa. Wa pili maji yake ya mshipa yamekwisha. Wa tatu jamaa zake wanagomba, wanataka karatasi za kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wa nne ni kijana wa pumu, jioni alikuwa anakoroma kifua hadi mlangoni anasikika, sasa ametulia. Utaanza na nani?

Wengi huenda kwa anayelia au kwa wanaogomba. Jibu ni yule wa pumu. Kifua cha pumu kikinyamaza ghafla, huku mtu amechoka na hawezi kumaliza sentensi, maana yake huenda hewa haipiti tena. Anayelia ana pumzi ya kulilia.

Katika vipimo vyote vya uhai, kinachodharauliwa zaidi ni hesabu ya pumzi. Nimepitia chati nyingi mno zilizoandikwa 20, 20, 20, kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa kengele moja. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Idadi ikianza kupanda, mara nyingi mwili unatoa onyo mapema kabla presha haijaanguka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Na pumzi huamua hata dawa. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesium sulphate. Kabla ya dozi inayofuata, muuguzi hutazama mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke linapogongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, dozi hiyo inasitishwa na daktari anaitwa, huku calcium gluconate ikiwa tayari karibu. Aliyeandika 20 bila kuhesabu anaweza kumzimisha mama yule kwa dawa ya kumwokoa.

Yaliyogunduliwa kwetu

Jambo la nne linanipa fahari na huzuni kwa pamoja. Elimu ya uuguzi hubadilika, na baadhi ya mabadiliko makubwa yamepitia hapa hapa nyumbani.

Mwaka 2011 ulitoka utafiti uitwao FEAST, ambao watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi walikuwa mstari wa mbele. Ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika hospitalini na homa kali, damu isizunguke vizuri mwilini. Kote duniani ilifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji mengi ya mshipa haraka. Matokeo yakashangaza. Ndani ya saa 48, kati ya waliomiminiwa maji walifariki karibu 11 katika kila 100. Kati ya wasiomiminiwa walifariki karibu 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Watoto waliokuwa wakiharisha na kutapika hadi kukaukiwa hawakuwa kwenye utafiti huo. Hao bado wanahitaji maji, kwa kufuata mwongozo wao. Ndiyo maana muuguzi lazima ajue mtoto yupi ni yupi. "Mtundikie maji" si jibu la kila mtoto, na aliyekariri bunda la maswali la mwaka 2005 bado anadhani ni jibu.

Mwaka 2023 ukaja utafiti wa E-MOTIVE, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha zaidi ya wanawake 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Swali lilikuwa rahisi: je, tukiacha kukisia damu kwa macho, tukaipima? Mama alitandikiwa shuka ya plastiki yenye mfuko ulio na alama za mililita. Damu ikizidi, matibabu yalitolewa yote kwa mpigo: kusugua tumbo la uzazi, dawa za kulikaza, tranexamic acid, maji ya mshipa, na kumchunguza ili kuona damu inatoka wapi. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Penye shuka hiyo, waliovuja damu waligunduliwa kwa asilimia 93. Penye kukisia, asilimia 51.

Yaani kwa kukisia, karibu nusu ya akina mama waliokuwa wakivuja damu hawakuonekana. Nimezalisha kwa kukisia karibu maisha yangu yote ya kazi. Nikiisoma takwimu hiyo, huwaona nyuso zao.

"Sista, hayo ni ya vitabuni"

Najua watakaosema hayo. Mjukuu wa dada yangu, muuguzi wa mkataba katika kaunti moja ya huku kwetu, aliniambia wazi: "Nyanya, mimi nina wagonjwa 38 na kipima presha kimoja. Hizo haki tano nitazisoma saa ngapi?"

Ana haki ya kusema hivyo, na sitamjibu kwa methali. Hakuna elimu inayomgawa mtu mmoja kuwa watano. Kaunti inayojenga jumba la wodi bila kuajiri, au inayowaweka vijana kwenye mikataba mifupi na mishahara ya kuchelewa, inatengeneza makosa kwa mikono yake. Msimlaumu muuguzi peke yake siku yatakapotokea.

Lakini nilimwambia pia hivi. Siku una wagonjwa 5, hata ukikosea mpangilio unaweza kumfikia kila mmoja kwa wakati. Siku una 38, kujua nani wa kwanza ndiyo silaha pekee uliyobaki nayo. Upungufu hauipunguzii elimu thamani, unaiongezea. Cha kuacha kwenye zamu nzito ni shuka lisilonyooka, si namba ya faili.

Kila mtu na zamu yake

Kwa vijana wanaojiandaa: bunda la maswali si haramu. Litumie, ila usiligeuze kuwa mwakenya wa kichwani. Kwa kila swali, funika majibu, eleza sababu kwa Kiswahili chako cha nyumbani kana kwamba unamweleza bibi yako. Ukishindwa, hujaelewa. Kisha sema kwa nini yale majibu matatu mengine si sahihi. Kokotoa dozi tatu kila siku. Na kila siku ya wodini, chagua mgonjwa mmoja usome faili lake lote, ujue kwa nini kila dawa imeandikwa.

Kwa vyuo: kampasi isiongeze wanafunzi kuliko wodi inavyoweza kuwafundisha. Anayesimamia wanafunzi wodini apewe muda wa kazi hiyo, asiongezewe tu juu ya wagonjwa wake.

Kwa kaunti: tuwe na daftari la makosa yaliyoponea, ambalo muuguzi anaweza kuliandika bila kupokea barua ya kujieleza kesho yake. Kosa lililofichwa hurudiwa. Mimi nililificha langu, na hadi leo sijui nani alilirudia baada yangu. Na wawakilishi wetu wa wadi wanapopitisha bajeti ya afya, waulize wauguzi wangapi wataajiriwa kabla ya kuuliza jengo litaitwa jina la nani.

Kwa wewe msomaji: ukiletewa dawa kitandani, taja jina lako kamili kabla hujaulizwa. Uliza dawa hiyo ni ya nini. Muuguzi mwema hatakasirika.

Yule binti wa mwaka wa pili alimaliza masomo, akapata leseni. Miaka kadhaa baadaye tulikutana kwenye kivuko cha Likoni, kila mmoja na mikoba yake. Nikamkumbusha usiku ule. Akacheka, akaniambia: "Sista, mimi nilidhani utanifokea."

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alijua jibu, na bado alikuwa karibu kunyamaza. Juma lijalo vijana watarudi barazani kwangu na maswali yao. Mmoja ataniuliza kama hii huja. Nitamwambia huja, mwanangu, huja kila usiku.